Wageni wanataka kuwalaza watoto wetu msituni: niwatetee au niwasikilize wazazi?

Swali:

Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili hapa Mikindani, Mombasa. Kanisa letu limepata wageni, mume na mke, wamishonari kutoka Marekani, ambao wamewahi kuendesha kambi za watoto katika nchi kadhaa. Likizo ya Agosti wanataka tuwachukue watoto 120 wa miaka 8 hadi 13, wakalale siku tano kwenye mahema kule Shimba Hills. Mahema wanayo, pesa wanazo, na moyo wanao. Mchungaji amefurahi sana. Lakini wazazi wananiuliza maswali ambayo sina majibu yake, na wengine wamesema waziwazi kwamba mtoto wao haendi msituni na kanisa. Je, niwatetee wageni au niwasikilize wazazi? Na kambi nzuri ya watoto huendeshwaje?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo linalokukosesha usingizi: wasikilize wazazi. Sisemi hivyo kwa sababu nawashuku wageni wenu. Nimefanya kazi ya kambi tangu nikiwa msichana wa kwaya ninayebebeshwa sufuria, na miaka mingi nimeifanya bega kwa bega na wamishonari niliowapenda kama ndugu. Lakini kambi si ya mwenye mahema. Ni ya mzazi aliyemtoa mwanawe, na ni ya kanisa litakalobaki na mtoto huyo mgeni akishapanda ndege. Hilo mkikubaliana nalo mapema, yaliyobaki ni kazi ya mikono tu, na inafundishika.

Mzazi anayekuambia kwamba mwanawe haendi msituni na kanisa hakutukani. Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, hapo Kilifi kwa jirani zetu, na kufikia Julai miili ilikuwa imepita 400. Watoto walikuwamo. Walipelekwa na watu wazima waliowaamini, kwa jina la Yesu, wakanyimwa chakula. Baada ya hayo, ukisimama mbele ya mama wa Pwani ukamtajia kanisa, msitu na kulala huko kwa pumzi moja, usitarajie apige makofi. Wageni wenu huenda hawajui habari hizi, au wamezisikia kama habari za mbali. Kaeni nao chini muwaeleze taratibu, tena muwaeleze kabla hawajakutana na wazazi. Mmishonari mwenye hekima akisikia jambo hilo hubadilisha mipango yake mwenyewe, bila kusukumwa.

Mipango ibadilike vipi? Mwaka huu msilaze mtoto nje. Chukueni watoto 40 badala ya 120. Fanyeni kambi ya mchana, siku tatu kwenye uwanja wa shule iliyo karibu na kanisa, na siku ya nne muwapeleke ufukweni. Watoto waje saa mbili asubuhi na warudi makwao saa kumi. Geti liwe wazi, na mzazi yeyote akitaka kuja kukaa chini ya mwembe atazame, apewe kiti na chai. Najua wageni watasikitika kidogo, maana kambi wanayoijua wao ni ya moto wa usiku na nyota. Nami napenda usiku wa kambi. Kuna mtoto wa Changamwe ambaye hajawahi kuliona giza lisilo na taa za magari, na akiliona pamoja na watu wanaompenda halisahau. Lakini usiku huo hununuliwa kwa imani ya wazazi, na imani hiyo bado hamjaipata. Siku nne za mchana zikienda vizuri, mwakani wazazi wenyewe watawauliza mnalala wapi.

Wakitaka kujua kama kazi ya mchana ina uzito, wakumbusheni habari ya Josiah Spiers. Mwaka 1868 Mwingereza huyo alikuwa Llandudno, mji wa pwani huko Wales. Aliwakuta watoto wakicheza ufukweni, akaandika mchangani kwa herufi kubwa kwamba Mungu ni upendo, kisha akawaomba wayapambe maneno hayo kwa mawe na mwani. Walipokuwa wakipamba, akawasimulia hadithi. Hakuwa na hema wala jukwaa. Scripture Union, kile chama cha kusoma Biblia ambacho watoto wenu wa sekondari wanakifahamu mashuleni, kimetokana na kazi ya Spiers na wenzake.

Mimi jambo hilo nalifanya hadi leo, na ningependa nanyi mlifanye siku ya nne. MUNGU NI UPENDO ni herufi 13. Watoto 40 ukiwagawa watatu watatu, kila herufi inapata wafanyakazi wake na anabaki mmoja. Huyo mpe ndoo ya makombe, awe ndiye mgawaji. Herufi ziwe ndefu kama mtu mzima aliyelala. Herufi ya G ndiyo inayoleta ugomvi kila mwaka kwa sababu ya kile kimkono chake cha ndani, kwa hiyo wape wale wakubwa wa miaka 12 na 13. Makombe yawe matupu. Lenye mnyama ndani lirudi majini. Wakimaliza, waketi kando ya herufi yao na mwalimu wao asimulie hadithi moja tu. Kisha ngojeni maji. Yanapofika kwenye M watoto hupiga kelele, na maswali wanayouliza wakiona neno linafutika hayajawahi kuulizwa darasani. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza, "Sasa Mungu ameenda wapi?" Tulizungumza nusu saa, yeye, mimi, na wenzake wawili wa herufi ya P.

Hapo ndipo niseme juu ya bahari, maana ndipo wageni wengi wanapokosea. Mtu aliyezoea kambi za kando ya ziwa anadhani maji hukaa pale alipoyakuta. Yetu hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Siku hizo hapa Mombasa maji hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja jioni. Kila siku yanachelewa kwa kiasi cha dakika 50. Kwa hiyo tafuteni jedwali la maji la bandari ya Kilindini kabla ya kuchagua tarehe, wala msichague tarehe kwanza kisha mkaomba bahari iwafuate. Tena jueni kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza ni ya upole, lakini ya tatu na ya nne yanakimbia.

Nalijua hilo kwa mwili wangu. Miaka mingi iliyopita, kusini ya kivuko, mgeni wetu mmoja aliwapeleka watoto 11 kwenye fungu la mchanga karibu na mwamba wakaangalie samaki kwenye vidimbwi. Alikuwa kijana mwema, mwogeleaji hodari. Alikuwa akitazama mbele, kule kwenye mawimbi, akiona yako mbali. Maji hayakuja kwa mbele. Yaliingia nyuma yao kupitia mkondo, kimya kimya, na nilipopiga kelele kutoka ufukweni tayari yalikuwa yamewafika magotini wale wadogo. Tulivuka nao mmoja mmoja. Nilimbeba msichana wa miaka 9 mgongoni, maji yamenifika kiunoni, leso yangu inaelea, naye ananishika shingo hata nakosa pumzi. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku ile kwangu hakuna mtoto anayetia mguu baharini bila mvuvi wa ufukwe ule ule kuwa nasi. Mlipeni siku yake nzima. Mvuvi akisema "tokeni", mmishonari na mchungaji watoke pia.

Agosti ni wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini. Hewa ni nzuri, jua halichomi kama la Februari, lakini bahari huchafuka na mwani hujaa ufukweni. Msiogelee, chezeni mchangani na maji yasipite magoti, mtu mzima mmoja kwa watoto wanne. Miguuni wavae sandak, si ndara, maana ndara humtoka mtoto kwenye mwamba na hapo ndipo anapokanyaga wale wanyama wa baharini wenye miiba mirefu myeusi. Akichomwa, mguu uingizwe kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yasiyounguza, kisha aonwe na daktari.

Shimba Hills iacheni hadi mwakani au mwaka wa pili. Ni mahali pazuri mno, mvua imepakijanisha, na yale maporomoko ya Sheldrick yanamfanya mtoto wa mjini asimame kinywa wazi. Lakini ni hifadhi yenye tembo, na kuingia na kulala humo kunataka mpango na shirika la wanyamapori la KWS na askari wao wa kuwaongoza. Watu wasioijua huwa wanaitazama kwenye simu, wanaona miti. Mkifikia hatua ya kulaza watoto, ningeanza na kituo chenye kuta, vyoo na mlinzi, kama kile cha Baraza la Makanisa pale Kanamai, ambapo ufukwe upo na paa lipo.

Jambo la pili ambalo nataka ulisimamie bila kutetereka ni watoto wa majirani Waislamu. Mikindani na Jomvu watoto hucheza pamoja, na ukileta mpira mpya na sharubati, watakuja wote. Mgeni akiwaona atasema hawa ndio tuliowajia. Mwaka fulani tuliwaachia waingie, tukajiambia ni michezo tu. Siku ya tatu jioni alikuja baba mmoja baada ya swala ya alasiri, kanzu yake nyeupe imenyooka, akaketi kwenye benchi la nje akatungoja tumalize kuosha vyombo. Hakupaza sauti. Aliniuliza, "Mama, wewe ungefurahi mimi nikimchukua mwanao siku tatu nikamfundisha dini yangu, nawe huna habari?" Sikuwa na jibu. Niliomba radhi, nikaenda nyumbani kwake siku ya pili nikaomba radhi tena kwa mkewe. Ni majirani zetu hadi leo.

Toka hapo fomu yetu ina mstari ulioandikwa kwa Kiswahili chepesi: hii ni kambi ya Kikristo, mtoto atafundishwa Biblia na ataomba pamoja nasi. Asiyetiwa sahihi na mzazi haingii, awe wa dini yoyote. Katiba yetu, ibara ya 32, inalinda uhuru wa kila mtu wa dini, nayo Sheria ya Watoto ya 2022 inampa mtoto haki ya elimu ya dini chini ya uongozi wa mzazi wake. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, kumwita mtoto kwa mpira ili umpe usichomwambia babake ni hila, na Injili haihitaji hila. Mzazi Mwislamu akisoma mstari huo na bado akatia sahihi, karibuni mtoto kwa heshima, chakula kiwe halali, na asilazimishwe kuimba wala kuomba.

Nikiwa hapo hapo, niseme juu ya ile jioni ya mwisho. Wageni wengi hupenda kumalizia kambi kwa kuwaita watoto waokoke. Nilishuhudia kambi ya watoto 60 na zaidi ambapo karibu wote waliinua mikono. Picha zikapigwa, hesabu ikapelekwa ng'ambo, watu huko wakamshukuru Mungu. Asubuhi nikamuuliza msichana mmoja, tukichambua mchele pamoja, kwa nini aliinua mkono. Akaniambia, "Anko alikuwa analia, nikamwonea huruma." Mwanangu, moyo wa mtoto ni mwepesi kuguswa, na mtu mzima analiaye mbele yake anaweza kumpeleka popote. Naamini watoto humjua Mungu kwa kweli, wengine kutuzidi. Ndiyo maana sitaki wito wa pamoja kambini. Semeni tu kwamba mwenye swali au anayetaka kuomba anaweza kumwendea mwalimu wake, mahali pa wazi ambapo watu wanawaona. Watakuja wachache. Majina yao mtayajua, na Jumapili inayofuata mtawapa viti vya mbele.

Sasa karatasi, nizipitie haraka. Kila mtu mzima atakayekaa na watoto, mwenyeji kwa mgeni, alete cheti cha mwenendo mwema. Cha Kenya kinaombwa kwenye eCitizen, tovuti ya serikali, na kutolewa na DCI, idara ya upelelezi. Wageni walete cha polisi wa kwao, pamoja na barua ya kanisa lililowatuma, na mchungaji apige simu kanisa hilo azungumze na mtu. Msione haya. Pwani yetu imeumizwa na watu waliokuja kwa jina la hisani, na mmishonari mwaminifu ndiye wa kwanza kuvileta vyeti hivyo. Muulizeni pia juu ya kibali: wamishonari wanaofanya kazi nchini huwa na kibali cha daraja la I kutoka Uhamiaji, na ruhusa ya kutembelea nchi si ruhusa ya kufanya kazi. Hakuna mtu mzima kubaki peke yake na mtoto, hata chooni, hata kwenye gari, hata kwa maombi. Namba 116 ya kusaidia watoto, ambayo ni bure, ibandikwe ukutani mahali watoto wanapopanga mstari wa chakula, na mtoto aambiwe siku ya kwanza ni ya nini. Picha zinahitaji ridhaa ya mzazi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, nayo itakeni kwa maandishi. Isiwekwe mtandaoni picha yenye jina la mtoto au shule yake.

Afya: fomu iulize pumu, kifafa, na chakula kinachomdhuru mtoto. Mama mmoja aliwahi kuniandikia kila kitu isipokuwa namba ya simu inayoshika, kwa hiyo sasa napiga namba zote siku tatu kabla. Mtoto akishikwa na homa, apimwe malaria siku hiyo hiyo, msimtulize kwa panado mkasubiri. Maji ya kunywa yatiwe dawa au yachemshwe hata kama bomba linaonekana safi. Wapishi wawe kina mama wa kanisa, wala msimruhusu mgeni alete chakula cha mikebe. Asubuhi mahamri na mbaazi, mchana wali wa nazi na maharagwe, na hakuna mtoto atakayelalamika.

Wageni wafanye nini basi? Wacheze na wabebe maji. Wakae mstari mmoja na watoto kusubiri chakula. Hadithi za Biblia zisimuliwe na walimu wenu kwa Kiswahili, kwa sababu mtoto anayesikiliza kupitia mkalimani anamtazama mkalimani. Ufundi wao wa kambi ni wa kweli, na mnauhitaji: jinsi ya kugawa makundi, kuhesabu watoto kila nusu saa, kuwa na mchezo wa akiba mvua ikinyesha. Wawafundishe walimu hayo wiki mbili kabla, na wakati wa kambi wakae kando wasaidie. Zawadi wasigawe kwa mikono yao. Mipira ibaki kanisani, na kama kuna fulana, zipatikane kwa kila mtoto au zisigawiwe kabisa. Na kila mzazi achangie kitu, hata shilingi 100, hata kibaba cha mchele. Mzazi aliyechangia huuliza kwa haki yake.

Wakiona tunawapunguza, wapelekeni Rabai siku moja. Ni karibu nanyi, na kanisa la zamani na nyumba ya Rebmann, mmishonari wa kale kutoka Ujerumani, bado zipo. Mwenzake Krapf aliingia Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Alibaki akajifunza lugha, na mwaka 1850 sarufi yake ya Kiswahili ikachapwa. Rebmann alikuja 1846 na hakuondoka hadi 1875, na kwa miaka mingi waliomfuata walikuwa wachache wa kuhesabika. Nimeona wamishonari wakisimama mle ndani kimya kwa muda mrefu, na wakitoka hawataji tena watoto 120.

Jumapili hii, baada ya ibada, ita mkutano wa wazazi. Wageni wawepo, lakini waketi nyuma, na wewe ndiye useme. Waeleze wazazi mpango wa siku nne, wasomee fomu neno kwa neno, kisha nyamaza uwaache waulize, hata wakiuliza kwa ukali. Yule aliyesema mwanawe haendi, mwombe awe kwenye kamati ya usalama. Ninasema hivyo kwa dhati: yeye ndiye ataona lango lililosahauliwa wazi.

Ukishalipata jedwali la maji, niletee tarehe mliyochagua tulitazame pamoja. Ndoo mbili za makombe ninazo jikoni, zimeoshwa, nitakuja nazo.